Mzigo Ndio Unaopekuliwa

 Popote redio hii inapokufikia, uwe jikoni unachagua maharage, uwe ndani ya basi au umekaa dukani unasubiri wateja, nakuomba dakika zako chache twende pamoja mpaka Kanombe.

Ukitoka Remera ukaipita Giporoso, barabara inakufikisha kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kigali. Kabla hujaliona vizuri jengo la abiria, gari linasimamishwa. Mnashuka wote, dereva naye anashuka. Mizigo inatolewa na kupangwa chini kwa mstari: sanduku la magurudumu, begi la mgongoni, boksi lililofungwa kwa kamba. Askari anapita na mbwa. Mbwa ananusa, anasonga mbele, anarudi kidogo, ananusa tena. Wenye mizigo wamesimama kando, mikono mitupu, mfanyabiashara mwenye suti yake na kijana anayesafiri kwa mara ya kwanza maishani. Mbwa akimaliza, kila mtu anachukua chake, safari inaendelea.

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu anayekwenda masomoni, nikajikuta nimesimama pale namtazama yule mbwa tu. Begi la mpwa wangu lilikuwa katikati ya mabegi ya watu wasiojuana, wenye lugha tatu au nne tofauti. Mbwa hakumpendelea mtu wala hakumwonea mtu. Alikuwa anatafuta baruti, basi, na asiyekuwa nayo alipita. Nikasema moyoni, huu ndio usalama ninaoutaka mimi. Unapekua mzigo. Hauanzi kwa kuuliza mama yako alizaliwa ng'ambo ipi ya mto.

Nayaleta haya leo kwa sababu mjadala wa nani aingie na nani azuiwe umepamba moto kila upande, na kila anayefunga mlango anataja neno moja: usalama wa taifa. Ni neno zito, na likishatamkwa watu hunyamaza. Mimi nadhani hapo ndipo tunapotakiwa kusema. Serikali ina haki ya kumzuia mtu hatari, tena ni wajibu wake. Haina haki ya kuliita taifa zima hatari kwa sababu tu kusoma jalada la pasipoti ni rahisi kuliko kumchunguza aliyeibeba.

Lakini kabla sijafika mbali, niwape walinzi wetu heshima yao. Hofu yao haikutoka hewani. Hapa hapa Kanombe, usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ilitunguliwa ndege iliyokuwa inarudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ikiwa imewabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mabaki yake yaliangukia penye makazi ya rais, na leo mahali pale ni makumbusho. Kilichofuata, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hakuna Mnyarwanda anayehitaji kusimuliwa. Kampala ililipuliwa Julai 2010, watu wakiwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Nairobi ilivamiwa Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, wakafa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa Aprili 2015, wakauawa 148, wengi wao wanafunzi. Na Oktoba 2019 wenzetu wa Kinigi, kule Musanze, walivamiwa usiku na watu waliotokea ng'ambo ya mpaka. Anayekuambia kwamba hatari haipo, huyo hajawahi kukaa matangani.

Sasa tuitazame hatari yenyewe kwa karibu. Mmoja wa waliowaua wanafunzi wa Garissa alikuwa Mkenya, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake akiwa chifu wa serikali. Mtu yule hakuhitaji visa. Alikuwa nyumbani kwao. Ungeweza kuifunga Kenya kwa kufuli upande wa Somalia, na yeye angeendelea kutembea na kitambulisho halali mfukoni. Na huko Kampala, miongoni mwa waliotiwa hatiani kwa milipuko ile walikuwamo Waganda wenyewe. Hatari ina jina la mtu, ina namba ya simu, ina fedha zilizotumwa na nyumba iliyopangishwa. Askari mpelelezi anayajua haya kuliko mimi. Anayeyasahau ni mwanasiasa anayetaka jibu la haraka la kulipeleka jukwaani.

Twende Marekani kidogo, maana huko ndiko mjadala huu unakosikika kwa sauti kubwa. Januari 2017 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi. Kesi zikafunguliwa, amri ikaandikwa upya mara mbili, na Juni 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaibariki kwa kura tano dhidi ya nne. Mapema mwaka 2020 Tanzania nayo ikaguswa, Watanzania wakatolewa kwenye ile bahati nasibu ya visa ambayo vijana wengi walikuwa wanaijaza kila mwaka. Rais Joe Biden alipoingia madarakani Januari 2021, alizifuta amri zile siku ya kwanza. Trump aliporudi, Juni 2025 akatangaza orodha mpya: nchi 12 zilifungiwa kabisa, Somalia, Sudan na Eritrea zikiwemo, na nyingine saba ziliwekewa vikwazo nusu nusu, jirani zetu wa Burundi wakiwemo. Tarehe 1 Januari 2026 Tanzania nayo ikaingia katika kundi hilo la nusu.

Yapo mambo mawili katika habari hiyo ninayotaka uyabebe. Orodha ya Juni ilitangazwa siku chache baada ya shambulio katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, na rais mwenyewe alilitaja shambulio hilo kama ushahidi. Mshukiwa wake alikuwa raia wa Misri. Misri haikuwemo kwenye orodha. La pili ni Burundi. Sababu iliyoandikwa dhidi ya Warundi ni kwamba kati ya walioingia kwa visa za biashara na matembezi, asilimia 15.35 walipitisha muda wao. Sawa, kupitisha muda ni kosa, na aliyepitisha arudishwe. Ila hebu tupige hesabu kwa vidole. Ikiwa 15 katika kila 100 walibaki, maana yake karibu 85 walimaliza shughuli zao, wakafunga masanduku na kurudi Bujumbura kama walivyoahidi. Hao 85 ndio wanaolipa. Waliokwishabaki wamekwishabaki, amri mpya inamkuta yule mwaminifu aliyekuwa ndiyo kwanza anapanga foleni.

Ni rahisi kuishia hapo, tukailaumu Marekani, tukazima redio tukalala. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi wenyewe tumefanya nini?

Nianze na Rwanda, kwa kuwa kusafisha ua huanzia mlangoni kwako. Uwanja huu wa Kanombe una sifa ambayo naitaja kwa fahari. Novemba 2023 Rais Paul Kagame alitangaza hapa Kigali kwamba Mwafrika yeyote anaingia Rwanda bila visa. Pasipoti ya Umoja wa Afrika ilizinduliwa katika mji huu huu, Julai 2016. Na itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kwenda na kurudi kwa uhuru, iliyopitishwa mwaka 2018, inahitaji nchi 15 ziiridhie. Miaka ikapita, walioridhia wakawa wanne tu: Rwanda, Niger, Mali, na Sao Tome na Principe. Sisi tumo katika hao wanne. Mghana anatua Kanombe, anapigiwa mhuri, anakaribishwa.

Lakini nchi hii hii, mwishoni mwa Februari 2019, iliufunga mpaka wa Gatuna, kati yetu na Uganda. Kwanza zikatajwa kazi za ujenzi kwa upande wa malori, kisha wananchi wakaambiwa wasiende Uganda kwa usalama wao wenyewe. Kigali ilikuwa na malalamiko ya kweli: Wanyarwanda walikuwa wanakamatwa Uganda na kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani, na maadui wa nchi walikuwa wanapewa nafasi. Kampala nayo ikajibu kwa kuwaita watu wetu majasusi. Ukasainiwa mkataba Luanda Agosti 2019, na mambo hayakusogea. Mpaka ulikuja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu baadaye.

Katika miaka ile mitatu, mkuu gani wa ujasusi alikosa kusafiri? Wakubwa walipanda ndege. Aliyeumia ni mama wa Gicumbi mwenye dada yake Kabale. Aliyeumia ni mwanafunzi aliyekuwa akisoma Uganda, ni mgonjwa aliyezoea hospitali ya ng'ambo, ni muuza duka aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Kampala kwa gari la usiku. Na watu hawakuacha kuvuka. Walihamia njia za panya, gizani, wamebeba mahindi au magendo, na wapo waliopigwa risasi huko huko kwenye vichaka wakafa. Msikilizaji, fikiri jambo hili kwa macho ya mlinzi. Mpaka ukiwa wazi, mtu anapita dirishani, anaonyesha kitambulisho, jina lake linaandikwa, mzigo wake unafunguliwa. Mpaka ukifungwa, yule yule anapita mtoni saa nane za usiku na hakuna anayejua kapita nani, kabeba nini. Kufunga kila kitu ni kujitia upofu, na mtu aliyejitia upofu hawezi kusema ameongeza ulinzi.

Majirani nao hawajawa bora. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa upande wetu akiwa amevuka huku akifyatua risasi, Kongo ikaamua mpaka wa Goma na Gisenyi uwe unafungwa saa tisa alasiri. Mwezi uliotangulia Kinshasa ilikuwa imekwishazizuia ndege za RwandAir, na Februari 2025 ikazifungia anga yake ndege zote zilizosajiliwa Rwanda. Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na sisi Januari 2024, wiki chache baada ya watu 20 kuuawa Vugizo karibu na Gatumba, mauaji ambayo kundi la waasi wa Burundi la Red-Tabara, ambalo Burundi inadai linasaidiwa na Rwanda, lilihusishwa nayo. Kenya iliwafungulia karibu Waafrika wote mwaka 2025, ikawaacha nje Walibya na Wasomali kwa sababu za usalama, ilhali Somalia ni mwanachama mwenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na Tanzania, Mei 2025, iliwarudisha kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, na Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo, waliokwenda kuhudhuria kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu. Jaji Mkuu mstaafu, mtu mzima, amekuja kukaa kwenye benchi la mahakama na kusikiliza. Nauliza kwa unyenyekevu: ni baruti gani ingenuswa katika begi la mzee yule?

Hapo ndipo neno usalama linapoanza kubeba mizigo isiyokuwa yake. Leo linambeba muuaji, kesho mwanafunzi aliyepitisha muda, keshokutwa wakili aliyekuja kutazama kesi. Likishabeba kila kitu, siku hatari ya kweli itakapokuja, nani ataliamini?

Tena sheria tunayo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inasema raia wa nchi mwanachama anaingia bila visa. Inairuhusu nchi kuweka mipaka kwa ajili ya usalama wa umma, na inaitaka nchi hiyo iwaarifu wenzake. Na sheria hii imekwishapimwa. Aprili 2011, wakili Mkenya Samuel Mukira Mohochi alitua Entebbe na ujumbe wa wanasheria. Wenzake wakapita. Yeye akawekwa kando, akaambiwa ni mtu asiyetakiwa nchini, akapandishwa ndege ya kurudi Nairobi bila kupewa sababu. Akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Mei 2013 majaji wakasema Uganda imevunja Mkataba wa Jumuiya: kuwa na mamlaka juu ya ardhi yako hakukupi ruhusa ya kumfukuza raia wa Jumuiya bila kumwambia kosa lake na bila kumsikiliza. Mtu mmoja na faili lake waliishinda serikali. Hukumu ile ilistahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya uhamiaji kuanzia Mombasa hadi Bukavu.

Nakijua kitakachosemwa na ofisa wa usalama anayenisikiliza. Atasema, ndugu mtangazaji, zipo habari ambazo siwezi kuzitoa hadharani. Nikisema kwa nini nimemzuia fulani, nimemchoma aliyeniletea taarifa. Nakubali. Basi mwambie jaji, faraghani, mlango umefungwa. Jaji naye ni raia wa nchi hii, ameapa kama ulivyoapa wewe. Sikudai siri zako mimi. Ninachodai ni pawepo mtu mwingine, asiyekuwa wewe, anayeweza kuuliza: huyu kafanya nini, na zuio hili litaisha lini? Zuio lisilo na kosa wala mwisho linageuka adhabu, na adhabu inatakiwa kupita mahakamani.

Kuna sababu nyingine inayonifanya mimi, mkazi wa Kanombe, niliseme jambo hili kwa uchungu. Wazee wetu walibeba kitambulisho chenye mstari mmoja wa ziada. Mkoloni Mbelgiji ndiye aliyeuandika mstari ule miaka ya 1930, ukiwa na kabila la mwenye kadi, na serikali zilizofuata baada ya uhuru zikauacha pale pale. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabara, wauaji hawakupekua mzigo. Walidai kadi. Waliusoma mstari ule, na mtu akaishi au akafa kwa kilichoandikwa. Silinganishi kunyimwa visa na mauaji yale. Hayana mlinganisho, na atakayelinganisha anawakosea marehemu. Ninachosema ni hiki: sisi tunaijua mbegu. Tunajua mambo huanza watu wanapozoea kumsoma mtu kwenye karatasi kabla ya kumtazama usoni. Ndiyo maana mstari ule tuliufuta. Nchi iliyoufuta haitakiwi kunyamaza inapoona mstari mwingine, wa uraia sasa, ukifanywa kuwa ushahidi wa hatia.

Nimalizie na jirani yangu, mama mmoja anayeuza mboga hapa karibu na kwangu. Sitalitaja jina lake. Kaka yake alifariki Kirundo, huko Burundi, mpakani mwa Bugesera. Zamani ilikuwa safari ya asubuhi moja: unateremka Nyamata, unafika Nemba, unaonyesha kitambulisho, unavuka. Sasa Nemba pamefungwa. Njia iliyobaki ni kuizunguka dunia: uende Rusumo, uingie Tanzania, upite Ngara hadi Kabanga, uvuke kwenda Muyinga, ndipo urudi nyuma kuelekea Kirundo. Nauli hiyo hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, hakujua kama angeruhusiwa kuingia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, simu ameishika kwa mikono miwili, mpwa wake anamwonyesha mazishi kwa video. Picha ilikuwa inaganda na kuachia. Jeneza likaonekana, likapotea, likaonekana liko chini tayari. Pembeni ya kigoda palikuwa na mfuko alioufunga siku mbili kabla, alipodhani labda njia itapatikana. Vitenge viwili na kilo tano za unga wa mtama kwa ajili ya waombolezaji.

Nikamwambia, "Pole sana, mama."

Akanitazama, akautazama ule mfuko, akasema, "Mwanangu, si wangenipekua tu? Mimi ningewafungulia wenyewe."